Mshumaa wa Citlali Mezani kwa Karani

Eulalia alikuwa akishona zipu za suruali za jinzi tangu alfajiri, na vidole vilikuwa vimeshageuka buluu, mwalimu mkuu alipompigia simu. Fermín, mjomba wa Citlali, alikuwa amefika shuleni na cheti cha kuonyesha kwamba yeye na marehemu Remedios, mama wa mtoto, ni tumbo moja. Alikuwa anamtaka mtoto.

"Kama una haki naye, mama, leta uthibitisho kabla watoto hawajatoka," alisema mwalimu mkuu.

Msimamizi wa kiwanda alimwona akifungua aproni.

"Ukivuka geti sasa hivi, mashine yako anapewa mwingine. Nje pale wamejaa tele."

Alivuka. Alipita nyumbani mbio, akafungua sanduku chini ya kitanda, akatoa vitu vya ubatizo: cheti cha kanisa, kigauni cheupe chenye lesi aliyoishona mwenyewe, na mshumaa ulioungua nusu. Katika mji wao wa Tehuacán mama wa ubatizo ndiye anayenunua gauni na mshumaa, na padri humuuliza mbele ya watu wote: mzazi akiondoka, utamlea? Eulalia aliitikia kwa sauti. Remedios alipofariki wakati wa mvua, alimchukua mtoto siku ileile, na hakuna jirani aliyeshangaa. Kwenda kwa hakimu hakukumjia akilini hata mara moja. Aende kuomba nini, na mtoto alishapewa?

Kwenye ofisi ya ustawi wa jamii alipanga foleni huku anatazama saa ya ukutani. Ilipofika zamu yake, alivipanga vile vitu mezani kimoja kimoja, akaunyoosha ukosi wa kigauni kwa kiganja.

Karani alikuwa anatafuna chapati ya mahindi yenye maharage. Aliutazama mshumaa.

"Mama, hapa si kanisani."

"Najua, baba. Nimeleta ushahidi."

"Ushahidi ni amri ya hakimu. Sheria haimjui mama wa ubatizo. Inamjua mzazi, inamjua ndugu wa damu, inamjua mlezi aliyetajwa na mahakama."

"Na wewe kazi hii nani alikutafutia? Si baba yako wa ubatizo?" alidakia bibi mmoja nyuma ya Eulalia kwenye foleni. Watu wakacheka. Karani akafuta mdomo, akasema dirisha la mawakili wa bure liko upande wa pili.

Wakili alikuwa binti mwenye macho ya uchovu. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Usikate tamaa, mama. Tutafungua maombi ya ulezi. Hakimu hawezi kuamua bila kumsikiliza mtoto mwenyewe. Hiyo ni haki yake."

"Atamsikiliza leo?"

"Leo? Labda baada ya Noeli. Mahakama imejaa."

"Na mpaka hapo atakaa na nani?"

Binti aliinamisha macho. "Shule ikimpa mjomba, hatuna cha kuizuia leo."

Alifika shuleni jasho linamtoka. Fermín alikuwa amekaa ofisini, kofia magotini. Hakuwa mtu mbaya wa kutisha. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye mke aliyejifungua mapacha.

"Dada Eulalia, nashukuru kwa yote," alisema. "Lakini mtoto ni wetu. Na pale nyumbani mke wangu anahitaji wa kumshikia watoto."

"Na shule?"

"Ataenda mapacha wakikua kidogo."

Eulalia akamgeukia mwalimu mkuu. "Umesikia mwenyewe, mwalimu."

"Nimesikia. Lakini kisheria mikono yangu imefungwa."

"Ulipotaka mafagio na dawa ya vyoo uliniita mama Citlali. Kwenye mikutano ya wazazi unaniita mama Citlali. Zamu za kufyeka uwanja, mama Citlali. Leo ndiyo nimekuwa nani?"

Mwalimu mkuu alianza kupanga kalamu zilizokuwa zimeshapangika.

Kengele ikalia. Citlali alikuja na mkoba mgongoni, akamwona mjomba, akamwona Eulalia. Alishika sketi ya Eulalia, na Fermín akambandua kidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayeona aibu.

Kituoni basi la kwenda milimani, kwa kina Fermín, lilikuwa linanguruma tayari. Fermín alimpandisha mtoto, akampa kiti cha dirishani. Alipogeuka, Eulalia alikuwa amekwisha kupanda nyuma yao, amekaa kiti cha pili kando ya mtoto, kifurushi cha ubatizo mapajani.

"Dada, unakwenda wapi?"

"Anakokwenda mtoto."

"Utalala wapi kule? Nyumba yangu ni ndogo."

"Barazani."

"Na kazi yako?"

"Wameshampa mwingine." Alifungua dirisha kidogo Citlali apate hewa. "Hakimu akimwita baada ya Noeli, lazima awepo mtu wa kumleta. Wewe utakuwa na mapacha."

Fermín alimtazama kondakta, kisha akaketi kiti cha nyuma yao. Basi likaondoka.