Chungu cha Mezani

...na anainuka tena, namshika bega, kaa mama, kaa basi, anakaa, ananitazama kwa adabu ya mgeni aliyekaribishwa nyumba asiyoijua, na Isdori mlangoni anaendelea tu, mdogo wangu huyu tangu aanze biashara ya ndoo za plastiki hajui kunyamaza, "chumba cha mama nimeshaezeka bati, dada, dirisha lipo, kufuli nitaweka kwa nje, siyo kwa ubaya," siyo kwa ubaya, anasema, natamani nimrushie bonge hili la udongo usoni, lakini udongo huu ndio tegemeo langu, kitoke chungu kimoja, hata kidogo cha kuwekea chumvi, Isdori akione kwa macho yake, ajue mama bado yumo, mtu anayefinyanga hafungiwi kama mbuzi, kaa mama... Sista Bertilla wa parokiani ndiye aliyeniambia, mpe mikono yake kazi inayoijua, usimfundishe, mfuate, nikaitikia ndiyo Sista, nikashuka bondeni kuchimba mwenyewe, nikaponda, nikaokota vijiwe mpaka kucha zikauma, nikaazima meza kwa Mzee Tadei na kiti chenye mgongo, maana magoti yake yamechoka, asiiname tena mama yangu, nikamwekea udongo kwenye sinia alizungushe taratibu, starehe iliyoje, na alipozamisha ngumi katikati ya bonge moyo uliniruka, akavuta ukingo wa upande wake, ukapanda, mwembamba, sawasawa, mama yule yule, kisha akauacha upande wa pili umelala chini, akainuka, kama anavyoinuka sasa, kaa! nimechoka, Mungu anisamehe, nimechoka kumtafuta sokoni, nimechoka kumvua kanga zangu, "Wewe binti wa nani?" ananiuliza, "Wako, mama," "Aa, vizuri," anasema, na hapo hapo jibu limeshampotea, na nani anahitaji vyungu siku hizi, kila kitu ruksa, lori zinashusha plastiki kutoka Tunduma, nyekundu, bluu, mwanawe mwenyewe ndiye muuzaji, ila mimi sihitaji chungu cha kuuza, namhitaji yeye, anielekeze tu, aseme Evodia, siyo hivyo, hivi... "...jana kakutwa stendi, dada, husikilizi, analizunguka basi la Mbeya, kainama, kinyumenyume, makondakta wanamcheka, aibu gani hii," nasikia bwana, nasikia, kwani mimi ndiye niliyempeleka stendi, kainama... kinyumenyume... nyuma ya jiko letu kule kijijini palikuwa na duara ambalo nyasi hazikuota, tupu, gumu, na katikati yake kigae, na juu ya kigae chungu, nami namfuata mama nimeng'ang'ania kanga yake, anarudi nyuma, anarudi nyuma, mkono mmoja ndani ya chungu mmoja nje, ananigonga kwa makalio, toka njiani wee Evodia, nacheka, naangukia vumbini, na chungu kimetulia pale pale, hakikuzunguka hata siku moja, aliyezunguka ni yeye... "Si unaona anainuka? Mkalishe, dada," na kweli mkono wangu umeshafika begani kwake, nyama kidogo, mfupa mwingi, na kwa mara ya kwanza leo nausikia unakokwenda mwili huu, hauendi mlangoni, hauendi stendi, unaufuata ule upande uliolala, tangu asubuhi unaufuata, na meza nimeisukumia ukutani isiyumbe, na kiti nimekibana na gunia la mahindi asitoroke, hana pa kupita, kila akitaka kufanya kazi namkalisha, kaa mama, kaa mama, nalilia kufuli la Isdori, kumbe la kwangu nimeshamfungia, kwa upendo, kwa kiti chenye mgongo, naona haya, hata kulia siwezi... chungu hakipandi leo, udongo umeshaanza kukauka ukingoni, pengine hakitapanda tena kamwe, sijui, Isdori hataona chungu chochote, ataona mwanamke mzee anazunguka, basi na aone, "Wewe binti wa nani?" anauliza mama, amesimama, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko, "Wako," nasema, nauondoa mkono wangu begani kwake, "Isdori, acha maneno, njoo ushike meza upande huo, tuitoe ukutani apate pa kuzunguka."