Mkono wa Atuganile

Usiku wa kuamkia leo niliota nafagia kompyuta. Leo ndiyo siku ya kipindi changu cha kwanza cha video, na kwangu mimi, Mwalimu Tumpe, darasa chafu halifundishwi.

"Inatosha," ikasema kompyuta. "Wanafunzi arobaini wako chumba cha kusubiri. Una dakika arobaini. Zikiisha nafunga mlango, na mada ya ramani ndiyo basi tena. Mtihani wao ni Jumatatu."

Mada hiyo nimekuwa nikiiahirisha tangu Machi.

Nafungua stoo, ndiyo chumba chenyewe cha kusubiri. Wamekaa kwenye mabenchi kama wagonjwa, kila mmoja na dirisha lake kwapani. Wanaingia, wanatundika madirisha ukutani, wanachungulia.

"Wazime sauti," ikaagiza kompyuta.

Kila mmoja akatoa sauti yake kooni, akaiweka kwenye kopo la siagi. Nikafunika.

Nikasubiri salamu. Wakasimama kwa heshima, kama nilivyowafunza, vichwa vikapotelea juu ya madirisha na ukuta mzima ukajaa mikanda ya viunoni.

"Sijasikia salamu," nikaiambia mikanda. "Rudieni."

Ikarudia, kimya. Miaka ishirini na sita sijaanza kipindi bila salamu, na sikuona sababu ya kuanza mchezo huo usiku huo. Tukarudia mara kumi na moja.

"Dakika tisa," ikasema kompyuta.

Ndipo mkono wa manjano, ule wa kuinuliwa kwenye skrini mtu akiwa na swali, ukaja ukitembea kwa vidole juu ya meza.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mkono wa Atuganile."

"Marahaba. Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko juu ya kilima. Kwao mtandao haushiki. Amenituma nimwandikie notsi."

"Ana swali?"

"Anauliza utaanza lini. Bando linaisha, na kule juu kuna baridi."

Niliona aibu, tena aibu ya kweli. Salamu moja nilikuwa nimeshaipata, nikaihesabu kuwa ya wote. Nikawaketisha, nikachora kilima na mistari yake ya kontua, ile inayounganisha sehemu za kimo kimoja.

"Mistari ikisongamana?"

"Mteremko ni mkali," ukajibu mkono huku ukiandika. "Ameupanda, anaujua."

Tulifika mstari wa mwisho mlango ukijifunga.

Nikaamka saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe.

"Shikamoo mwalimu. Ni Atuganile, nimeshafika kilimani. Naomba leo usiandike haraka. Mkono wa kulia unaniuma tangu nilipoamka, na vidole vina wino."

Nikamjibu: "Marahaba, mwanangu. Usiandike kitu. Fungua daftari lako kwanza, uone kama notsi hazimo tayari."