Filimbi ya Wifi

Funguo za stoo ya sabuni zilifungwa kwenye utepe wa bluu, na aliyeuvaa utepe huo shingoni ndiye aliyekuwa na sauti pale kwa dobi. Usidhani ni kiwanda kikubwa. Ni ukumbi mmoja mrefu wenye sakafu ya saruji isiyokauka, mashine za kufua zimepangwa upande wa madirisha, na mwisho kabisa ipo rola, ile mashine ya kupigia pasi mashuka ya hoteli, pana kama kitanda cha watu wawili, inayofuka mvuke mchana kutwa mpaka nyusi zinadondosha maji.

Rola ilikuwa ya Mama Pacha. Aliishika tangu wanawe wanatambaa, akaijua kama unavyomjua mume: inanuna lini, inauma wapi, na uisemeshe vipi asubuhi ikiwa baridi. Mwenye funguo alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Wafanyakazi walimwita Msimamizi, na jina likamfuata mpaka nyumbani, hata mdogo wake mwenyewe akawa anamwamkia, "Shikamoo, Msimamizi," kwa utani ambao haukuwa na utani ndani yake.

Mgongo ulimwanza Mama Pacha kwenye kikapu. Mashuka yaliyoloa ni mazito kuliko mtoto aliyelala, na siku hiyo aliinama, akanyanyua, akahisi kama mtu amempigilia msumari kiunoni. Msumari ukawa unakuja na kwenda, mwisho ukahamia kabisa. Alijifunga kitambaa kiunoni akaendelea na kazi, maana aliona heri maumivu ya rolani kuliko raha ya nyumbani.

Ndipo siku moja, saa ya chai, watu wote wameshika vikombe, Msimamizi akamwekea mkono begani. Sauti aliilainisha kama anayempa mtoto dawa.

"Nakuonea huruma, wifi. Mgongo wako umekwisha. Kapumzike."

Kesho yake asubuhi kwenye rola alisimama shoga yake Msimamizi, mwanamke mwenye kucha ndefu zilizopakwa rangi, aliyekuwa akiimezea mate nafasi ile kwa muda mrefu. Tajiri mwenye dobi aliambiwa kwamba Mama Pacha ameomba mwenyewe kuacha. Ukitukanwa una la kujibu. Ukionewa huruma mbele ya watu utajibu nini? Kila mtu alimsifu Msimamizi kwa roho nzuri, na mume wa Mama Pacha akasema dada amemfikiria.

Basi akapumzika. Alilala chali akiangalia doa la maji kwenye dari, doa lenye umbo la birika, mpaka akalijua mdomo na mpini. Kadiri alivyolala ndivyo kiuno kilivyokakamaa. Kuvaa viatu kukawa safari. Kugeuka kitandani kukawa jambo la kushauriana na mume. Na kila Jumapili Msimamizi alikuja kumtazama, funguo zikilia shingoni, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango akimwambia asiinuke, asijisumbue. Siku moja alimletea mto mdogo wa kuweka chini ya magoti, wa kitambaa cha maua ya zambarau. Mama Pacha alishukuru. Alikuwa anaangalia ule utepe wa bluu.

Mumewe ndiye aliyempeleka zahanati, amechoka kumvalisha viatu. Huko alikuwapo mtaalamu wa viungo, mtu mwembamba mwenye raba nyeupe na subira fupi, wagonjwa walimwita Bwana Mazoezi. Alimpapasa mgongo, akamwinamisha, akampima moyo na presha, akazitazama picha zake za eksirei kwenye mwanga wa dirisha. Akasema mfupa mzima na mshipa mzima. Mgongo haujakwisha, ila umewekwa stoo muda mrefu, sasa lazima utolewe. Mama Pacha aliposikia neno stoo alikaa wima kidogo.

Dawa yenyewe ilikuwa baiskeli isiyokwenda popote, imefungwa sakafuni katikati ya chumba. Mshale mwekundu wa sekunde wa saa ukizunguka mara moja, unakanyaga pedali kama unafukuzwa na mbwa. Filimbi ikilia, unapunguza, unakanyaga polepole mshale ukizunguka tena, unapata pumzi. Filimbi ikilia, mbwa karudi. Hivyo hivyo mpaka aseme basi. Mama Pacha alidhani mtu huyu ana wazimu. Mgonjwa wa mgongo huambiwa atembee kama amebeba mayai, yeye anaambiwa akimbie. Bwana Mazoezi akamweleza kwamba moyo ugonge kwa nguvu, utulie, ugonge tena, na mgongo utafuata. Uchungu wa siku za mwanzo, alisema, siyo mgongo unaochanika, ni mgongo unaoamka. Na ukiwa uchungu wa aina nyingine, wa kushuka mguuni na kutia ganzi, amwambie palepale.

Siku ya kwanza aliteremka miguu inacheza kama ya ndama aliyezaliwa leo. Aliapa harudi. Akarudi, na sababu hakumwambia mtu. Ni kwamba filimbi ilipolia, alimweka Msimamizi mbele ya ile baiskeli, amempa mgongo, ncha za utepe wa bluu zikipepea kisogoni, na yeye akamfukuza. Filimbi ya kupumzika ikilia, alimwacha atangulie. Ikilia ya kukanyaga, alimfuata tena, meno yameumana, jasho linaingia machoni, na kila mara alikaribia kuushika ule utepe. Bwana Mazoezi alisema hajapata kuona mgonjwa mwenye bidii namna hii. Viatu akaanza kuvaa mwenyewe. Ndoo ya maji akaibeba kutoka bombani mpaka jikoni, mumewe amesimama mlangoni mdomo wazi.

Sasa pale zahanati palikuwa na utaratibu wao. Bwana Mazoezi alikuwa mmoja na migongo ilikuwa mingi, kwa hiyo mgonjwa aliyepata nafuu alimshikia filimbi mgonjwa mgeni. Saa yenyewe ilitundikwa ukutani nyuma ya baiskeli. Bwana Mazoezi alishaona kwamba mtu akiitazama saa, anayekanyaga ni macho, miguu inalala. Mwenye baiskeli hajui muda. Anajua filimbi tu.

Na nani akaingia kwenye mlango ule siku moja, ameushika mwimo kwa mikono miwili? Msimamizi. Yule shoga wa kucha ndefu hakuyaweza mashuka mabichi, yalirundikana mpaka hoteli zikalalamika, ikabidi Msimamizi aingie rolani mwenyewe, akivuta kwa hasira, na kikapu kilekile kikampigilia msumari uleule. Alikaa kwenye benchi upande mmoja wa kalio, akamsimulia Mama Pacha yote akilia, maana angemwambia nani mwingine. Tajiri amesema msimu wa wageni ukifika anataka msimamizi wa kusimama zamu nzima. Asiyeweza aache funguo mezani.

"Nisaidie, wifi yangu," akasema.

Bwana Mazoezi aliuliza nani atamshikia mgeni filimbi, na Mama Pacha akawa ameshanyoosha mkono. Yule bwana alifurahi. Ndugu kwa ndugu, alisema.

Wewe ungedhani Mama Pacha atamkimbiza mpaka atapike. Naye alidhani hivyo, alitembea njia nzima mpaka nyumbani akiionja hiyo picha. Lakini alipofika kwenye ngazi za mlango wake akasimama. Kukimbizwa ndiko kulikomponya yeye. Ampe na mwenzake dawa? Akaingia ndani, akautoa ule mto wa maua ya zambarau, akaufua, akauanika. Siku iliyofuata alimpelekea wifi yake, umenyooka vizuri, unanukia jua.

Kuanzia hapo Msimamizi alipata huruma mpaka ikamwagika. Alipopanda baiskeli, mshale mwekundu ulianza juu, ukashuka, na kabla haujagusa chini Mama Pacha akapuliza. "Inatosha, wifi, inatosha, usijiumize." Alimfuta jasho ambalo halijatoka. Kipindi cha kupumzika alikirefusha kwa hadithi za majirani, mshale unazunguka, unazunguka, na moyo wa Msimamizi umetulia kama wa mtu anayechambua mchele. Alimsindikiza mpaka nyumbani akimbebea mkoba. Alimwinua, alimlaza, alimwekea mto chini ya magoti, akamwambia asiinuke. Bwana Mazoezi, mikono imejaa migongo ya wengine upande wa pili wa chumba, alisikia filimbi zikilia akajua kazi inaendelea. Alishangaa tu mbona huyu hapati nafuu. Alimuuliza kama anakanyaga kweli, Msimamizi akaapa. Na kweli alikuwa anakanyaga.

"Sikujua una moyo huu," Msimamizi alimwambia mara moja, ameshika mkono wake. "Nami nilivyokufanyia."

Mama Pacha akamwambia alale. Kwa nukta moja alitamani kupuliza sawasawa. Kisha akakumbuka vikombe vya chai, na nyuso zote zile zilizokuwa zikimtazama kwa wema.

Alikwenda kwa tajiri asubuhi yake. Hakusema maneno mengi, alikwenda moja kwa moja kwenye kikapu kilichojaa mashuka mabichi, akakunja magoti, akakinyanyua, akakibeba mpaka rolani mbele ya macho ya tajiri. Mwenye kucha ndefu akahamishiwa kwenye taulo. Msimu wa wageni ulipoingia, Msimamizi alisimama mpaka saa ya chai, akakaa, na baada ya chai hakuweza kuinuka. Tajiri alisubiri aone kama atainuka. Halafu akanyoosha kiganja.

Utepe wa bluu ulikuwa na joto la shingo nyingine Mama Pacha alipouvaa. Alifungua stoo, akanusa sabuni, akafunga. Akafungua tena, kusikia tu ule mlio.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mama Pacha hakuacha kwenda zahanati. Kila baada ya zamu alikwenda kumshikia wifi filimbi, kwanza funguo zikiwa ndani ya blauzi, baadaye juu ya blauzi, zikilia pamoja na filimbi kifuani pake. Msimamizi alizitazama. Akakanyaga, akasikia filimbi, akapumzika.

Kilichoharibu mambo ni kioo. Bwana Mazoezi alipata kioo kikubwa, kirefu kama mlango, akakitundika mbele ya baiskeli ili wagonjwa wajione wanavyoinama na kuchuchumaa. Mama Pacha alikuja mbio kutoka kazini, amechelewa, akakiona kioo lakini hakukifikiria. Alishika filimbi. Msimamizi akaanza kukanyaga, uso juu, na ndani ya kioo akaiona saa iliyokuwa nyuma yake siku zote. Mshale mwekundu ulikuwa unazunguka kinyume, kama ilivyo kwenye kioo, lakini kuzunguka ni kuzunguka. Ulitoka juu. Ulikuwa bado unashuka filimbi ilipolia.

Msimamizi aliacha miguu ikasimama yenyewe. Hakugeuka. Alimtazama wifi yake mlemle kwenye kioo.

"Mshale ulikuwa haujafika popote," akasema.

Mama Pacha akaitoa filimbi mdomoni.

"Na siku zote ilikuwa hivi?"

Pembeni Bwana Mazoezi alikuwa anamwinamisha mzee mmoja, hakusikia. Mama Pacha angeweza kusema amekosea, macho yamechoka na mvuke wa rola. Neno hilo lilikuwapo mdomoni tayari. Akalimeza, maana alikuwa ameisubiri saa hii tangu kwenye doa la birika. Akamwekea wifi yake mkono begani, akalainisha sauti.

"Nilikuonea huruma, wifi. Mgongo wako umekwisha. Kapumzike."

Msimamizi aliyajua maneno yake mwenyewe. Rangi ilimtoka usoni, kisha ikarudi, nyingi kuliko iliyotoka. Mama Pacha alingoja makelele. Aliyataka, alikuwa ameyaandalia jibu. Hayakuja. Mwanamke yule alivuta pumzi, akashika vishikio vya baiskeli upya, vidole vikabana mpaka vikawa vyeupe, akauchomoa mguu wake wa kulia kutoka kwenye kandambili na kuukanyagia pedali peku.

"Puliza," akasema. "Na safari hii nipe yangu yote."

Angeweza kumrudishia Bwana Mazoezi filimbi yake na kwenda zake. Lakini aliyatazama yale macho kwenye kioo, akayafahamu. Hayakuwa yanatazama saa tena. Yalikuwa yanatazama utepe wa bluu. Ndiyo macho aliyokuwa nayo yeye, juu ya kiti hikihiki, siku zile anamfukuza mtu ambaye hayupo. Na mbio hizo alijua zinampeleka mtu wapi. Zinampeleka mpaka rolani, na mpaka kwenye mlango wa stoo.

Na afike, alijisemea. Nilitaka anione nikiwa na funguo, naye akiwa amesimama.

Akapuliza.

Msimamizi alikanyaga. Baiskeli, iliyofungwa sakafuni kwa skrubu, ikaanza kulia. Nywele zikamtoka kwenye kitambaa, mdomo ukafunguka, na jasho, la kweli safari hii, likamshuka shingoni mahali palipokuwa na utepe. Bwana Mazoezi aliinua kichwa kutoka kwa mzee wake, akatabasamu. Mama Pacha alikuwa ameibana filimbi kwa meno. Mkono mmoja ulizifumbata funguo zisilie.

Mshale mwekundu ulishuka, ukagusa chini, ukapanda, ukafika juu. Akauacha upite kidogo.