Chanjo ya Norah Mukhwana

Tororo, huku kwetu Uganda, chanjo ya homa ya manjano ilikuwa imeisha. Kila tukienda wanasema njooni wiki ijayo, kana kwamba ndege nayo hungoja wiki ijayo. Basi Taaka, binti wa marehemu kaka yangu, akafanya kama tufanyavyo sote Busia tukikosa kitu: akavuka. Akachanjwa upande wa Kenya, akarudi na kadi yake ya manjano, mkono umevimba, anacheka.

Alikuwa amepata kazi ya kufua mashuka katika hospitali moja Uarabuni. Hawachukui mtu akishafika miaka thelathini na tano, naye anaitimiza mwezi ujao. Ilikuwa safari hii au basi.

Wiki mbili baadaye Osborn, wakala wa safari pale Tororo, akaiweka kadi kando ya pasipoti.

"Dada, huyu Norah Mukhwana ni nani?"

"Si mimi?"

"Pasipoti inasema Taaka Norah."

Nikaelewa. Mpakani wengi wetu tuna vitambulisho viwili. Kwa kina mama yake, kule Kenya, Taaka ni Norah Mukhwana tangu shule. Nesi alipoomba kitambulisho, Taaka alitoa cha huko kwa mazoea.

"Lakini dawa iko mwilini," Taaka alisema. "Mkono huu hapa, shika."

"Uwanja wa ndege hawashiki mikono, dada."

"Arudi Kenya wamwandikie kadi upya," nikasema.

"Akawaonyeshe pasipoti ya huku? Mtu mmoja, nchi mbili, majina mawili? Atalala selo, mzee."

"Achanjwe tena basi!"

"Cheti kinakubaliwa baada ya siku kumi. Ndege ni keshokutwa."

Nilitukana. Niliwatukana waliopitisha mstari katikati ya shamba la babu yetu, kisha wakatuuliza sisi ni akina nani. Mwaka wa korona walifunga geti la mpaka, dada yangu akazikwa ng'ambo, mimi nimesimama huku nasikiliza nyimbo tu. Sijasahau.

"Umemaliza, mzee?" Simu ilikuwa tayari sikioni mwa Osborn. "Halo, Shallon? Una kadi? Jina ni lile la pasipoti? Njoo leo leo, nafasi ya Uarabuni imepatikana."

Taaka alisikia yote.

Boda boda ilipokaribia Masinya, kijijini kwetu, alinigusa begani.

"Baba, mwambie dereva apite njia ya juu, tusipite nyumbani."

"Kwa nini?"

"Akina mama wa kanisa wako nyumbani. Wananipikia chakula cha kuniaga."

Moshi ulikuwa umeshapanda juu ya migomba. Dereva akauliza tunakata wapi.