Chupa Isiyo na Lebo

Kaltumu, fundi cherehani wa Gisenyi, alikuwa mwaka mzima akiswalia kitini. Goti la kulia lilikuwa limesagika, na hamu yake ilikuwa moja tu: Ramadhani, iliyobakiza wiki mbili, imkute anasujudu chini kama wenzake. Mficha uchi hazai; ndiyo maana asubuhi hiyo alikaa kwenye kitanda cha kliniki moja ya mtaa wa Nengo, goti wazi, akimkodolea macho Daktari Shyaka, anayetoka Kigali mara moja kwa mwezi.

Hakumwamini. Mwenye mikono laini namna ile angejua nini habari za goti la kukanyaga cherehani?

"Mama, hii sindano haiponeshe goti," daktari akasema. "Inatuliza maumivu, pengine wiki mbili, pengine myezi. Iko watu haisaidie hata kidogo."

Muuzaji gani anaponda bidhaa yake mwenyewe? Machale yakamcheza Kaltumu. Akaitupia jicho chupa ya dawa mkononi mwa daktari, na moyo ukamlipuka. Chupa haikuwa na lebo, imebaki alama ya gundi tu.

Lebo alizijua. Miaka kumi alikuwa akibandua lebo za makoti ya mitumba na kushonea za Italia, kisha akiapa mbele ya wateja kwamba ni mapya. Mtu habandui lebo bure.

"Dogiteri, unisamehe," akasema, akishuka. "Nimeacha pasi ya makaa juu ya nguo ya mutu."

"Dawa ikishafunguliwa hatuiweke tena, mama," nesi Vénantie akamwambia. "Na dogiteri atarudia mwezi ujao."

"Bon, itupeni."

Akachechemea hadi nyumbani, amefurahi kwamba yeye hakuuziwa bandia.

Alipotafuta ufunguo mkobani, mkono ukatoka na kitabu cha kliniki. Vénantie alikuwa amekijaza na kumrudishia wakati yeye akiikodolea macho mikono ya daktari. Akakifungua. Kwenye ukurasa wa siku hiyo ilibandikwa lebo ndogo: jina la dawa, tarehe ya kuisha. Chini yake nesi ameandika: "Goti la kulia. Kaltumu." Walikuwa wameibandua ili abaki nayo yeye, kumbukumbu ya dawa atakayochomwa.

Aibu ikamchoma hadi masikioni. Angeuliza neno moja tu, angejibiwa.

Adhana ya adhuhuri ikaita. Kaltumu akatia udhu, akavuta kiti.