Theluji ya Ukutani

Ambokile aliaga kwao Tukuyu akitamba kwamba anakwenda Uswisi, akaishia Durban kulinda magari ya watu ufukweni. Kila mwisho wa mwezi aliingia duka la simu la Pacifique, Mkongomani wa mtaa wa Greyville, akasimama mbele ya kalenda ya milima ya Uswisi na kumsimulia mama yake kwa simu kilichokuwa ukutani.

“Mrefu kuliko yote unaitwa Dufourspitze, mama. Meta elfu nne mia sita thelathini na nne.”

“Si unapitwa na Kilimanjaro?”

“Unapitwa, lakini theluji imefika dirishani kwangu,” alijibu, amevaa fulana tu.

“Ndiyo maana blanketi letu nimempa Bupe, jirani yetu. Anakuja Durban wiki hii kununua nguo. Anasema bandarini hatakosa meli ya kulipeleka Uswisi. Mimi na baba yako tutajifunika makoti.”

Ambokile akarudisha simu polepole. Pacifique alikuwa amesikia yote.

“Kwenu Tukuyu iko baridi?” aliuliza.

“Sana,” Ambokile alisema, macho sakafuni.