Pua ya Kuazima

Ndoo alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya gari, miguu ikining'inia nje, akisugua chini ya kiti cha dereva kwa mswaki uliokwisha meno. Kando yake palikuwa na beseni la maji ya sabuni na chupa ya siki aliyoichukua jikoni bila kuaga. Kila mara alikamua kitambaa, akatazama rangi ya maji, akarudi tena uvunguni.

Jina la Ndoo alibandikwa na majirani. Alikuwa amesambaza maziwa nyumba kwa nyumba kwa miaka thelathini, na Jumatatu ile, kwenye kona ya sokoni, ndoo moja ilipinduka ndani ya gari, mfuniko ukaruka. Alipangusa juu juu, akafunga vioo, akaenda zake. Jua lilifanya yaliyobaki. Leo ilikuwa Ijumaa, na kesho alasiri binti yake angetoka hospitali na mtoto mchanga, mjukuu wa kwanza.

Shida ni kwamba Ndoo mwenyewe hakusikia harufu yoyote. Kwa miaka yote hiyo pua yake ilikuwa imezoea maziwa mabichi, yaliyoganda na yaliyochacha, mpaka yakawa kwake kama hewa tu. Ndiyo maana jana aliyamimina manukato ya mkewe kwenye viti, nusu chupa, akaamini kazi imekwisha. Mkewe alifungua mlango, akaufunga polepole, akasema maziwa bado yamo, ila sasa yamevaa nguo za harusi.

Babu wa upande wa pili, baba wa mume wa binti yao, alikuwa na gari jipya lenye kiyoyozi, na alishajitolea kwenda kumchukua mtoto. Alitaka tu jibu kabla ya magharibi. Ndoo hakumlaumu, alikuwa mtu mwema. Lakini binti yake alipozaliwa, yeye alikuwa kwenye mzunguko wa maziwa. Jirani ndiye aliyemleta nyumbani, na baba mtu akamkuta amekwisha lala. Hakuwahi kumsimulia mtu jambo hilo, na mkewe hakuwahi kulisahau.

"Toka nikague," mkewe alisema, akijifuta mikono kwa kanga.

Alikaa kiti kimoja kimoja, macho amefumba, kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Nyuma hapakuwa na neno. Mbele kushoto, afadhali. Kwenye kiti cha dereva alikunja uso.

"Baba, umeliosha gari uso. Miguu bado."

Ndoo alijishika kiuno, akafikiri. Kisha akacheka peke yake. Muuza maziwa mzima, akasahau kwamba maziwa hayakai juu, yanatafuta chini. Alichukua spana, akafungua nati nne, wakakitoa kiti pamoja na kukiweka barazani. Alipolifunua zulia, sponji ya chini yake ilikuwa ya manjano, nzito kama mkate uliolowa. Mkewe alikimbilia nyuma ya nyumba. Ndoo aliisogeza puani, akavuta pumzi ndefu, akamwambia kwa sauti ya upole kwamba labda, kwa mbali, inanukia mvua. Kule nyuma alimsikia akicheka huku akikohoa.

Tangu hapo walifanya kazi kwa utaratibu. Sponji aliikanyagakanyaga kwenye beseni mara tatu, maji ya sabuni, maji matupu, kisha maji yenye siki kidogo, na mara ya nne maji matupu tena. Bati la sakafuni alilipangusa mpaka likang'aa. Zulia na sponji vikaanikwa kwenye kamba, katikati ya mashuka. Kopo la soda ya kuokea mkewe alilitoa kwa shingo upande, akisema keki ya mgeni imeliwa na gari, halafu akainyunyiza mwenyewe juu ya kiti, kila mshono. Ilipaswa kukaa hadi asubuhi ndipo ipigwe brashi.

Jua lilikuwa likishuka simu ilipoita. Mkewe aliipokea amesimama karibu na kamba, vidole vyake vikiibinya sponji, ambayo bado ilidondosha maji. Alimsalimu yule babu mwingine vizuri, akauliza hali ya wote nyumbani. Ndoo aliacha kukusanya nati, akainama kama anayetafuta kitu.

"Tunashukuru sana, mkwe," mkewe alisema. "Lakini babu yake wa huku atakwenda mwenyewe."

Alipokata simu, Ndoo alimkumbusha kwamba sponji bado mbichi, kiti kiko nje, na gari halina sakafu.

"Kesho jua litatoka saa kumi na mbili," alisema mkewe. "Na wewe utoke nalo. Sasa nisaidie kukifunika kiti hiki, umande usikiguse."